Daftari la Bibi: Mbinga hadi Muhimbili na kurudi, Aprili 2025

Daftari lenyewe liko mezani hapa. Ni la shule, kurasa 96, jalada limeliwa na maji upande mmoja kwa mvua ya siku ya kwanza. Kurasa za mbele kaandika katibu wa jumuiya yetu ya kanisa: majina na michango ya kumtibu binti yetu moyo. Za nyuma nimeandika mimi njiani, nyingine gizani basi likiruka, na kuna mistari siwezi kuisoma mwenyewe. Hapo nimeokolewa na picha za simu.

Binti yetu ana miaka mitatu na nusu. Amerithi jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo nyumbani hakuna anayethubutu kulitaja; ni Bibi tu. Watoto wenzake humwamkia shikamoo kwa utani, naye huitikia marahaba bila kucheka.

Tangu ananyonya alikuwa akitoka jasho kichwani kama mtu anayelima. Mwaka jana peke yake alipata nimonia mara tatu. Wenzake wakikimbia kisimani, yeye hufika nusu ya mlima akachuchumaa, mikono magotini, akisubiri pumzi imrudie. Madaktari bingwa wa moyo walipofika Songea kwa siku chache tukampeleka, wakampima eko, ile picha ya moyo ya mashine, wakatuambia kuna mshipa karibu na moyo ambao kila mtoto huzaliwa nao, na kwa kawaida hufunga wenyewe siku chache baada ya kuzaliwa. Wa Bibi haujafunga. Damu iliyokwisha kutoka mapafuni inarudi huko huko mapafuni, na moyo unafanya kazi ya mioyo miwili. Daktari alichora kwenye karatasi, lakini mimi nilielewa kwa namna yangu: ni kama umechepusha mfereji kwenda bustanini ukasahau kuuziba. Juu panaoza, chini panakauka.

Bima tuliyokuwa nayo ilikuwa ya CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, mwaka huo 30,000 kwa kaya, nayo iliishia hospitali ya mkoa. Muhimbili, Dar es Salaam, walikotupa rufaa, ilikuwa mfuko wako.

Machi: michango

Atakayesema watu wa kijijini huchanga wakiwa nacho, aje Mbinga mwezi wa tatu. Kahawa iko kijani mtini, mahindi ya mwaka jana yako chini ya gunia, mapya bado hayajakomaa. Ilikuwa Kwaresima. Ijumaa moja baada ya Njia ya Msalaba mwenyekiti wa jumuiya alisimama akasema, "Ndugu zangu, sadaka ya Kwaresima mwaka huu ina miguu, mnaiona imekaa pale." Bibi alikuwa amekaa kwenye jamvi akila muwa.

Nilitaka laini ya michango iwe kwa jina langu. Mweka hazina akakataa mbele ya watu, nikachukia. Alisema, "Baba, siku ukiumwa na shida, usiwe na hela za watu mfukoni." Wakasajili laini kwa jina lake, na namba ya siri wakaigawa: tarakimu mbili za kwanza anajua yeye, mbili za mwisho anajua katibu. Kutuma hata shilingi 1,000 lazima wakae pamoja, huyu abonyeze, ageuke pembeni, mwenzake amalizie. Niliona ni ukaidi. Nitarudi kwenye hili.

Nanukuu daftari bila majina. Bodaboda wa stendi: 214,000. Kwaya: 96,500. Msikiti wa mjini, ambao hatukuuomba: 180,000. Debe sita za mahindi, debe mbili za maharage, kuku watatu, vyote vikauzwa. Kijana wetu aliyeko Mtwara kwenye korosho: 50,000, na ujumbe kwamba yeye pia aliwahi kubebwa. Bibi kizee wa kitongoji cha juu: 500. Kesho yake alirudi kwa mkongojo, akaomba 500 ifutwe iandikwe 700, kwa kuwa ameuza mboga. Katibu hakufuta. Alikata mstari mmoja, akaandika 700 pembeni, wote wawili wakaweka sahihi; ya bibi ni dole gumba.

Jumla: 4,873,500.

Jumapili, 6 Aprili. Kijijini hadi Mbinga mjini

Bodaboda mbili, 8,000 kila moja: mke wangu na Bibi mbele, mimi na begi nyuma. Mvua ilitukuta mteremkoni penye udongo mwekundu, ule unaoteleza kama sabuni. Dereva wangu alishuka akaisukuma pikipiki huku akiomba radhi, kana kwamba mvua ni yake. Tulilala kwa mdogo wake mwenyekiti. Kande na chai ya tangawizi. Daftari nililianika juu ya jiko.

Jumatatu, 7 Aprili. Mbinga hadi Dar es Salaam

Basi liliondoka saa 10 alfajiri, nauli 62,000 kwa mtu, Bibi kwa kupakatwa. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na ukiwa na mtoto anayechoka kwa kupumua tu, kila kilomita unaihesabu. Hadi Songea alilala. Songea hadi Njombe ni kona na ukungu, hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba alitapika mara mbili, na abiria wa kiti cha nyuma, mwanafunzi wa chuo, alitupatia kanga yake ya kujifunikia na hakutaka kurudishiwa ilipochafuka.

Njombe ilikuwa baridi ya kuuma masikio. Makambako nilinunua viazi vya kuchemsha na parachichi moja kubwa kama kichwa cha mtoto, 1,000. Hapo ndipo kondakta alipotuona vizuri. Alikuwa kijana mwenye sauti ya kukaripia, tangu Songea anagombana na watu wa mizigo. Akauliza, "Mtoto ana nini?" Nikamwambia moyo. Hakusema pole. Akaenda mbele, akarudi, akalitoa begi lake kwenye kiti kilichokuwa kimebaki wazi kando yetu: "Mlaze hapo. Kiti hiki sikiuzi mpaka Moro." Iringa pale Ipogolo walipanda watu wanne wanaotafuta nafasi, akawaambia gari limejaa. Kila alipopita alikuwa akitazama kifua cha Bibi kikipanda na kushuka, kisha anaendelea kukaripia watu.

Kitonga tulikwama saa mbili na nusu. Lori lilikuwa limekatika katikati ya kona, magari yakapanga foleni juu na chini, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili. Bibi midomo ilianza kuwa na rangi nisiyoipenda. Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa kwenye beseni alikuja na mwavuli, akamwambia mke wangu, "Mteremshe apate upepo, humo ndani mnapumuliana." Akakaa nao kwenye jiwe, biashara yake chini, akimpepea kwa kipande cha boksi. Alimenya machungwa manne. Nilipotoa 2,000 akanitazama kama nimemtukana.

Kwa atakayepita njia hii na mgonjwa: pakia maji yako na chakula chako. Basi likisimama kula unapewa dakika kumi na tano, wali na kuku mwaka huo ilikuwa 8,000, na mtoto mgonjwa halili kwa saa ya dereva. Dawa zikae mkononi, siyo buti. Barua ya rufaa usiikunje na hela.

Bonde la mibuyu tukalipita jua likizama. Hifadhi ya Mikumi tukaikata usiku, hatukuona hata ngiri. Morogoro saa 4, stendi ya Magufuli pale Mbezi saa 7 na nusu usiku. Kondakta alimbeba Bibi hadi chini, akamkabidhi kwa mama yake, akageuka kugombana na mtu kuhusu gunia. Jina lake sikuuliza. Kwenye daftari nimeandika: *Kondakta, kiti kimoja, Makambako hadi Morogoro.*

Jumanne, 8 Aprili. Mabibo

Aliyetupokea ni mama mkwe wa dada yake mweka hazina. Uhesabu mwenyewe huo undugu. Hatukuwahi kumwona. Mtoto wake wa kiume, dereva wa bajaji, alitusubiri Mbezi tangu saa 3 usiku na hakutaka hata hela ya mafuta. Asubuhi tukamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba wanangu, chumba ndicho hiki, chandarua nimekifua. Nguruwe siweki kwenye sufuria zangu, vingine vyote kuleni." Mke wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu Songea.

Tulidhani tutakaa siku sita. Tulikaa kumi na saba.

Jumatano, 9 Aprili. Muhimbili

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. Kutoka Mabibo tuliunganisha daladala mbili, 600 kila moja. Tukafungua faili, damu ikachukuliwa, akapimwa umeme wa moyo, kisha eko tena. Bibi aliiona picha ya moyo wake kwenye kioo akauliza, "Nani anapiga makofi humo ndani?"

Daktari akasema hapatakuwa na haja ya kufungua kifua. Watapita kwenye mshipa wa paja na mrija mwembamba, wapeleke kizibo kidogo hadi kwenye ule mshipa, wakiache hapo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kisu muda wote. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

10 hadi 14 Aprili. Mafua

Siku iliyofuata Bibi akaamka na kikohozi. Hawampi mtoto nusu kaputi akiwa na kifua, wakatuambia turudi kikikauka. Siku tano tulikaa Mabibo tukisikiliza kikohozi. Masika ilikuwa imeshika, uchochoro wa mbele ya nyumba ulikuwa mto. Mama wa Mabibo alimpikia mchaichai, akampaka mafuta ya nazi kifuani, akamfundisha kusema "bismillahi" kabla ya uji. Na sisi usiku tukasali rozari. Sijui ni kipi kilichokausha kifua, nami sitabishana.

Jambo la kujua: nenda ofisi ya ustawi wa jamii mapema, usisubiri kuishiwa. Chukua barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yako, ikiwa na muhuri. Walituuliza maswali mengi, wakatupunguzia sehemu ya gharama. Mimi barua nilikuwa nayo kwa sababu tu mwenyekiti wetu aliniandikisha kwa nguvu. Nilimwambia hatuendi kuomba, tunaenda kulipa.

Jumanne, 15 Aprili. Tarakimu mbili

Kifua kikavu. Tukapewa siku: Alhamisi. Malipo yaingie kabla ya ofisi kufungwa Jumatano, kwa namba ya malipo.

Nikapiga simu saa 4 asubuhi. Mweka hazina akapokea: "Nipo tayari, baba, ila katibu yuko shambani kwa wakwe zake, kule chini, mtandao haufiki." Saa 6, hajapatikana. Saa 8, hajapatikana. Hapo niliukumbuka ule ukaidi nikausema kwa maneno ambayo leo nimeshayaungama. Hela ipo, milioni za watu zipo, na nusu ya ufunguo inapalilia maharage kwenye ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo ya mteremkoni.

Bodaboda wa stendi wakasikia. Kijana mmoja akawasha pikipiki, mvua inanyesha, akateremka hadi barabara ilipoishia, akaiacha kwa mwenye duka, akatembea. Katibu alipelekwa mjini akiwa na jembe, matope hadi magotini. Saa 12 jioni ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Dakika tano baadaye katibu akapiga mwenyewe: "Baba, imefika? Hesabu uone kama imefika yote." Nilishindwa kujibu, nikampa simu mke wangu.

Yule kijana aliyemfuata, nilipotaka kumlipa mafuta, alisema mafuta yameshaandikwa. Nimelitafuta daftari lote. Hayajaandikwa.

Jumatano, 16 Aprili

Tukaambiwa tuandae wachangia damu wawili, kwa tahadhari. Mimi nikapimwa, wakasema damu yangu ni pungufu kidogo, nikale kwanza. Mwenye bajaji akaenda na rafiki yake wa kijiweni, ambaye hata jina la Mbinga alikuwa hajawahi kulisikia. Walirudi na soda mkononi. Nimeandika: *Chupa mbili.*

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Aliingia saa 3 na dakika ishirini. Muuguzi alimbeba, naye Bibi akamwambia mama yake, "Usile muwa wangu." Kwenye benchi tulikuwa wazazi wa watoto watano: sisi, na wengine kutoka Kahama, Lindi, Tanga na Pemba. Hakuna aliyeongea. Baba wa Pemba alitoa tende kwenye mfuko, akampa kila mtu moja moja, akazungusha tena.

Saa 5 kasoro daktari akatoka, barakoa ikiwa shingoni. "Kimekaa vizuri."

Kazi ngumu ilikuja baada ya hapo: mguu ule lazima unyooke kwa saa kadhaa, kidonda cha pajani kisivuje damu. Hebu mwambie mtoto wa miaka mitatu asikunje mguu. Mke wangu aliushika gotini kwa mkono mmoja, akaimba nyimbo zote za kwaya anazozijua. Zilipokwisha akaimba tangazo la redio la mbolea.

Usiku ule niligundua kitu nikamwamsha mke wangu kumwonyesha. Bibi alikuwa amelala na paji la uso limekauka.

19 hadi 24 Aprili

Jumamosi tukaruhusiwa. Pasaka tukala pilau Mabibo, mama alichinja jogoo, nikakumbuka wale kuku watatu. Jumatatu asubuhi redio ya jirani ikatangaza kifo cha Papa Fransisko. Mama wa Mabibo alikuja mlangoni akatupa pole, akakaa nasi kimya kama ilivyo kwenye msiba wa nyumba. Alhamisi tukarudi kliniki: eko inaonyesha mshipa umeziba, hakuna kinachovuja.

Masharti tuliyopewa, huenda yakamfaa mwingine: asiruke wala kupanda mti kwa wiki chache, arudi baada ya miezi sita, na kwa miezi hiyo sita, akitakiwa kung'oa jino lazima mganga wa meno aambiwe kwanza kuhusu kizibo, ampe dawa ya kuzuia wadudu wasiende moyoni. Hilo la jino sikulitegemea kabisa.

Ijumaa, 25 Aprili. Kurudi

Nauli ile ile. Mama wa Mabibo alitufungia maandazi na kumpa Bibi kanga ndogo. Mikumi safari hii tuliipita mchana: tembo saba kando ya barabara, na twiga aliyetufanya tusimame hadi alipoamua mwenyewe. Kitonga nilichungulia dirishani, mama wa machungwa sikumwona. Bibi alikataa kulala. Alisimama kitini karibu njia nzima akiwaamkia watu.

Mbinga mjini tulikuta bodaboda tisa zinasubiri. Nilianza kusema hatuwezi kulipa tisa, nikanyamaza.

Jumapili, 27 Aprili. Hesabu

Baada ya misa ya jumuiya, chini ya mwembe, nikasoma. Bodaboda kwenda 16,000. Basi kwenda 124,000, kurudi 124,000. Hospitali, vipimo vyote na matibabu, 3,410,000. Daladala na chakula 286,000. Dawa za kuja nazo 47,500. Makato ya kutuma na kulipa kwa simu 38,000. Jumla 4,045,500. Risiti nilizipanga kwenye jamvi kwa tarehe, nikaweka jiwe juu ya kila fungu.

Limebaki 828,000. Tukakubaliana 300,000 ni nauli ya mwezi wa kumi, Bibi akirudi kupimwa. Hizo 528,000 zilizosalia nilitaka zirudishwe kwa waliochanga. Kelele ikatoka pande zote. Mzee mmoja akauliza, "Zile 700 za bibi utazirudishaje, utampa ngapi?" Watu wakacheka, ikaishia hapo. Kuna kijana wa darasa la tano upande wa bondeni mwenye ugonjwa wa damu wa selimundu. Mweka hazina amepewa kazi ya kuongea na wazazi wake.

Nilidhani nimemaliza. Katibu akasema, "Bado ukurasa wa nyuma." Nikamwambia ule ni wangu, wa njiani. Akasema usomwe.

Basi nikasoma: kanga ya mwanafunzi, Njombe. Kiti kimoja, Makambako hadi Morogoro. Machungwa manne na jiwe la kukalia, Kitonga. Bajaji usiku kucha, Mbezi. Chumba siku kumi na saba, na chandarua. Chupa mbili. Tende. Mwendo wa kwenda kumtoa katibu shambani. Hapo katibu aliinama akachezea kalamu.

Bibi kizee wa kitongoji cha juu alikuwa mbele kabisa, mkongojo magotini. Aliinua mkono. "Hao wa njiani," akasema, "nao waingizwe mbele, na sisi." Katibu akafungua kurasa za michango, akaanza kunakili. Ilimchukua muda, kwa sababu kila mara aliniuliza, "Jina?" nami nikasema sijui, naye akaandika walichotoa tu. Bibi alikuwa ameshaondoka kwenye jamvi. Tulimwona juu kule njia ya kisimani, anamfukuza mbuzi wa mwenyekiti, mama yake nyuma yake akipiga kelele kuhusu wiki chache za daktari.